Kabla ya Kamera, Uliza Tarehe

Simama kwa muda katika duka lolote la simu pale Luthuli Avenue, Nairobi, utasikia maswali yale yale kutwa nzima. Kamera ni megapikseli ngapi? RAM je? Betri inakaa na chaji? Inaingia laini mbili? Ikiwa ni simu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kisha ikaletwa huku, mteja ataigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo ya kioo, ataulizia kama kuna fundi aliyewahi kuifungua, kisha maneno yatahamia kwenye bei. Muuzaji ana majibu yote mdomoni.

Nilimwona kijana mmoja aliyemtoa muuzaji kwenye mkondo huo. Aliishika simu, hakujisumbua na kamera, akaingia moja kwa moja kwenye mipangilio.

"Unatafuta nini, boss? Hiyo ni safi."

"Nataka kuona mara ya mwisho iliapdetiwa lini."

"Itajiapdeti ukifika nyumbani kwa WiFi. Iko sawa."

Kijana akashuka mpaka kwenye sehemu ya "Kuhusu simu", akagusa toleo la Android, na hapo chini pakatokea mstari mdogo unaotaja sasisho la usalama, ukifuatwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma. Akamwelekezea muuzaji kioo. Muuzaji akaisoma, akaitazama simu mbele na nyuma kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, kisha akasema anaweza kupunguza mia tano.

Mia tano si haba, ila haizibi kitu. Mstari ule mdogo ndio habari nzito kuliko zote zilizo kwenye simu, na ajabu ni kwamba hauandikwi kwenye boksi, hautajwi kwenye tangazo, wala hauathiri bei kwa kiasi unachostahili. Unaeleza simu imezibwa matundu, yaani kasoro za programu ambazo mwizi anaweza kuzipitia, mpaka siku gani. Matundu yaliyogunduliwa baada ya siku hiyo yangali wazi, na watu wanaoishi kwa kuyatafuta wanayajua.

Tarehe hizi zina chanzo chake. Mwezi wa Julai 2015, kampuni ya usalama ya Zimperium ilitangaza udhaifu uliopewa jina la Stagefright, uliokuwa katika sehemu ya Android inayoshughulikia video na sauti. Mshambuliaji hakuhitaji chochote ila nambari yako ya simu. Angekutumia MMS, ule ujumbe wa simu unaobeba picha au video, yenye video iliyopikwa kwa ustadi, simu ingeanza kuichambua yenyewe ili ikuandalie, na katika uchambuzi huo mlango ungefunguka kabla hujagusa ujumbe wenyewe. Zimperium ilikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Mwezi uliofuata Google ilianza kutoa taarifa ya usalama kila mwezi, ikiorodhesha matundu yaliyopatikana na viraka vyake, yaani marekebisho ya kuyaziba, na watengenezaji wakubwa kama Samsung wakaahidi kufuata utaratibu huo. Tarehe iliyo kwenye simu yako inatokana na taarifa hizo. Ndiyo maana siku yake huwa ni ya 1 au ya 5 ya mwezi: iliyoandikwa 1 imepata viraka vya Android yenyewe, na iliyoandikwa 5 imepata hivyo pamoja na vya kiini cha mfumo na vya chipu za kampuni kama Qualcomm na MediaTek. Kwa hiyo kati ya simu mbili za mwezi mmoja, ya tarehe 5 imezibwa zaidi.

Watu wengi wakisikia habari za matundu hujiuliza kwa nini kampuni tajiri hivyo haziwezi kutengeneza kitu kizima tangu mwanzo. Jibu ni fupi. Programu ya simu ina mamilioni ya mistari ya msimbo, imeandikwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi, na kosa dogo la kupima urefu wa faili la picha linatosha. Hakuna aliyewahi kuandika kitu cha ukubwa huo bila makosa. Linalotofautisha kampuni ni kasi ya kusahihisha, na ni kwa miaka mingapi zitaendelea kufanya hivyo baada ya kupokea pesa zako.

Sehemu inayowapita wengi ni hii ifuatayo, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo inayobadilisha hesabu yote.

Kiraka kikitolewa, siri inakuwa imetoka. Android ni mfumo ulio wazi, yaani msimbo wake mwingi unaweza kusomwa na mtu yeyote. Siku Google inapochapisha marekebisho, mtaalamu wa usalama wa Nairobi anaweza kuyasoma, na mwizi wa kokote duniani pia anaweza. Huyo mwizi huweka msimbo wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu, anatazama ni mistari gani imebadilishwa, na mistari hiyo inamwelekeza pale pale palipokuwa na kasoro. Hahitaji tena kipaji cha kugundua tundu jipya. Ni kama mwenye ploti kusimama uani na kutangaza kwamba kufuli la geti la nyuma lilikuwa bovu na leo limebadilishwa. Wapangaji wa ploti hiyo watalala salama, lakini ploti zote za mtaa zilizonunua kufuli la aina ile ile na hazijabadilisha zimeshaanikwa. Simu isiyosasishwa, basi, haibaki na hatari ileile iliyokuwa nayo siku ulipoinunua. Kila mwezi unaopita orodha ya njia za kuiingia inaongezeka, na orodha yenyewe imechapishwa.

Si nadharia. Mwezi wa Agosti 2024 watafiti wa Google walieleza mashambulizi yaliyofanywa kupitia tovuti za serikali ya Mongolia kati ya Novemba 2023 na Julai 2024. Mtu alitembelea tovuti halali ya serikali yake, na tovuti hiyo ilikuwa imepandikizwa mtego wa kuiba data za kivinjari. Mbinu zilizotumika zilifanana sana na zile ambazo zamani zilitumiwa na kampuni zinazouza programu za ujasusi kwa bei ya kutisha. Na viraka vya matundu yote yaliyotumika vilikuwa vimeshatolewa. Mtego uliwanasa wale tu ambao simu zao, iPhone au Android, hazikuwa zimesasishwa. Silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kumpeleleza mwandishi wa habari au mwanasiasa hushuka ngazi, ikazidi kuwa rahisi, mpaka ikafika mikononi mwa watu ambao zamani wasingeweza kuigharamia. Hapo ndipo mama wa duka la Gikomba anapoingia kwenye hesabu, ingawa hakuna serikali inayomtafuta.

Sasa, ikiwa Google hutoa viraka kwa ukawaida, mbona simu ya Luthuli ilikwama miaka mitatu nyuma?

Kwa sababu kati ya Google na mfuko wako wa suruali kuna watu wengi. Google ikishaandika marekebisho, mtengenezaji wa chipu lazima ahakikishe yanaelewana na chipu yake na aongeze ya kwake. Kisha mtengenezaji wa simu huyachukua, akayachanganya na sura na programu alizoziongeza mwenyewe, akayajaribu kwenye kila aina ya simu aliyowahi kuuza, ndipo akaanza kuyasambaza nchi baada ya nchi. Kila mmoja katika mnyororo huo ana wafanyakazi wa kulipa. Simu ya shilingi laki moja inabeba gharama hiyo bila shida. Simu ya shilingi elfu nane, ambayo faida yake ni kidogo na aina zake mpya hutoka kila baada ya miezi michache, mara nyingi haibebi.

Mfano wa kuumiza ni wa MediaTek, kampuni ambayo chipu zake zimo ndani ya sehemu kubwa ya simu za bei nafuu zinazouzwa Afrika. Mapema 2019 kulipatikana tundu katika chipu zake nyingi lililomwezesha mtu kuwa bwana wa simu nzima kwa kuendesha kijiprogramu kifupi tu. Lilijulikana baadaye kwa nambari CVE-2020-0069. MediaTek ilitengeneza kiraka kufikia Mei 2019. Watengenezaji wengi wa simu hawakukipeleka kwa wateja. Januari 2020 kampuni ya Trend Micro iliripoti kwamba kulikuwa na apu ndani ya duka la Google Play lenyewe iliyokuwa ikitumia mbinu hiyo. Ilibidi Google ikiingize kiraka hicho katika taarifa yake ya Machi 2020 ndipo watengenezaji wasukumwe. Miezi kumi dawa ipo, mgonjwa hajapelekewa.

Apple haina mnyororo huu. Inatengeneza simu, chipu na mfumo, kwa hiyo kiraka kikiwa tayari kinazifikia iPhone zote zinazostahili kwa siku moja, awe mwenye simu anaishi London au mtaa wa Umoja hapa Nairobi. iPhone 5s iliyotoka 2013 ilipata sasisho la usalama Januari 2023. Sisemi hivyo ili ukanunue iPhone. Kwa bei yake hiyo si shauri la kumpa mtu yeyote ovyo. Nasema ili ionekane kwamba tatizo la Android halikutokana na ugumu wa kuziba matundu. Lilitokana na jinsi biashara ilivyopangwa.

Google inalijua hilo na imekuwa ikiufupisha mnyororo kidogo kidogo. Android 8 ya 2017 ilitenganisha sehemu ya mfumo na ile inayogusa chipu, ili mtengenezaji asilazimike kuanza upya kila mara. Android 10 ya 2019 ilikwenda mbali zaidi: baadhi ya vipande vya mfumo sasa husasishwa na Google moja kwa moja kupitia Google Play, bila kumngojea mtengenezaji. Ndiyo maana kwenye simu nyingi utaona tarehe mbili tofauti, ya usalama wa Android na ya mfumo wa Google Play. Ya pili inaweza kuwa ya karibuni hata kama ya kwanza imelala. Inasaidia, lakini haifiki kwenye kiini cha mfumo wala kwenye chipu, na tundu kama lile la MediaTek lisingezibwa kwa njia hiyo.

Juu ya yote hayo kuna masasisho ya apu zenyewe, na haya watu huyadharau kupita kiasi. Mwezi wa Mei 2019 WhatsApp ilikiri kuwa na tundu katika sehemu yake ya kupiga simu: mshambuliaji alikupigia, hata usipopokea, programu ya ujasusi iliweza kuingia. Kilichowaokoa watu ni kusasisha WhatsApp pekee, jambo la dakika chache ambalo halikuhitaji mtengenezaji wa simu. Kivinjari cha Chrome nacho hupata viraka vya haraka mno, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa mwezi, kwa sababu ndicho kinachokutana na kila aina ya ukurasa wa intaneti. Mwenye simu ambayo mtengenezaji wake ameshaitelekeza bado ana sababu ya kusasisha Chrome, WhatsApp na apu zake nyingine kila wiki. Mpaka mlango huo nao ufungwe: tangu 2025 matoleo mapya ya Chrome yanahitaji Android 10 kwenda juu, na WhatsApp nayo mwanzoni mwa mwaka huo iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4.

Tuje kwa visingizio, ambavyo vingine si visingizio kamwe.

Bando ni hoja ya kweli. Mtu anayenunua data ya shilingi ishirini ya saa moja hawezi kuambiwa apakue faili la zaidi ya GB moja eti kwa ajili ya usalama. Lakini inafaa kutofautisha. Sasisho kubwa la kuhama toleo, kutoka Android moja hadi nyingine, ndilo lenye uzito huo. Kiraka cha usalama cha kawaida huwa kidogo zaidi, mara nyingi mamia machache ya MB au pungufu, kwa kuwa simu hupakua tofauti tu na si mfumo mzima. Na WiFi ya mkahawa au ya ofisini inatosha. Kuna wanaoogopa kwamba mtandao wa watu wengi unaweza kuwaletea sasisho bandia. Hofu hiyo haina msingi, maana kila sasisho la mfumo huja na saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na simu hukataa kusakinisha lisilo na saini hiyo, liwe limepita kwenye mtandao gani.

Nafasi nayo. Simu ya GB 32 iliyojaa video za kikundi cha chama na picha za "Habari za asubuhi" haitakuwa na mahali pa kuweka sasisho. Hapo hakuna ujanja. Ingia kwenye hifadhi ya WhatsApp, panga kwa ukubwa, futa.

Stima ikipotea katikati? Swali hili nalisikia sana, hasa mitaa ambayo giza huingia bila taarifa. Simu hukataa kuanza kusasisha betri ikiwa chini sana, hilo la kwanza. La pili, tangu Android 7 ya 2016 kuna mpangilio ambapo mfumo mpya huandikwa pembeni huku ule wa zamani ukiendelea kufanya kazi. Simu huhamia mpya inapowashwa upya, na ikishindwa kuwaka hurudi kwa ule wa zamani. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinautumia. Kwa zile za zamani, ni busara kungoja betri ijae kwanza.

Hofu ya mwisho ni kwamba sasisho hufanya simu kuwa nzito, na hapa wananchi wana haki ya kushuku. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, jambo ambalo haikuwa imelieleza wazi kwa wateja. Mwaka uliofuata mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5 kwa kuwasukuma wateja kuweka masasisho ambayo simu zao zilishindwa kuyabeba. Kwa hiyo ukisita kuhamisha simu ya zamani yenye RAM ndogo kwenda toleo jipya kabisa, sitakulaumu. Ila kiraka cha usalama hakileti sura mpya wala mapambo. Kukikataa kwa sababu ya dhambi za sasisho la toleo ni kumwadhibu asiyehusika.

Kuna namna nyingine ya sasisho ambayo inabidi ikataliwe kila inapojitokeza, nayo ni ile inayokuja kwa ujumbe. Unafungua tovuti ya kutazama mpira wa bure, ukurasa unajaza kioo: Chrome yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa. Au inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp faili lenye mkia wa apk, likijiita toleo jipya la apu ya mikopo au ya benki. Ukilisakinisha, litaomba kusoma SMS zako na litaomba ruhusa ya huduma za ufikivu, zile zilizokusudiwa watu wenye ulemavu, kama wa macho. Ruhusa hiyo ya pili ndiyo funguo zote. Mwenye nayo anaweza kuona kilicho kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako, na ile ya kwanza inamletea nambari za siri ambazo benki hutuma. Kuna kanuni moja tu na haina ubaguzi: sasisho la mfumo linapatikana ndani ya mipangilio ya simu, la apu linapatikana ndani ya duka la apu. Linalokuja kwa kiungo, kwa ukurasa au kwa mtu si sasisho. Wizi wa aina hii umekuwa mkubwa kiasi kwamba Kenya iliwekwa miongoni mwa nchi ambazo Google imejaribu kinga maalumu ndani ya Play Protect, mlinzi wake anayekagua apu kwenye simu: mtu akitaka kusakinisha apu iliyotoka kwenye kivinjari, WhatsApp au meneja wa faili, nayo inaomba ruhusa hizo nyeti, simu huizuia yenyewe. Ndiyo maana mtumaji wa faili bandia mara nyingi atakuelekeza kwanza uzime Play Protect. Akifika hapo, mazungumzo yameisha.

Na kuna wizi ambao sasisho haliugusi kabisa. Anayekupigia akijifanya mhudumu wa M-Pesa, akakuambia pesa zimeingia kwako kimakosa au laini yako itafungwa saa kumi, hapiti kwenye tundu lolote la programu. Anapita kwako. Simu iliyozibwa jana itampeleka kwako kwa sauti safi kabisa. Safaricom imekuwa ikisema mara kwa mara kwamba hupiga kwa wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Nyingine yoyote, kata. Ubadilishaji wa laini bila idhini yako nao hufanyika upande wa mtandao na si ndani ya kifaa chako. Piga *106# mara moja moja uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimeyataja haya kwa sababu kuna wauzaji wa apu za "kinga kamili" wanaotaka uamini kwamba kitu kimoja kinatibu yote.

Turudi kwa ununuzi, maana hapo ndipo pesa hupotea. Miaka ya masasisho huhesabiwa kuanzia siku aina hiyo ya simu ilipoingizwa sokoni, si siku wewe ulipoilipia. Galaxy S9 ilitoka 2018 na Samsung iliacha kuitumia viraka 2022. Anayeinunua leo kama ex-UK, ikiwa imeng'arishwa na kuwekewa betri mpya, ananunua simu nzuri yenye tarehe iliyokwisha. Upande wa pili, ahadi zimerefuka: Pixel 8 ya Oktoba 2023 na Galaxy S24 ya Januari 2024 ziliahidiwa miaka saba, na hata simu ya kati kama Galaxy A16 iliahidiwa sita. S24 iliyotumika mwaka mmoja Uingereza ina maisha marefu mbele kuliko simu mpya ndani ya boksi ambayo mtengenezaji wake hakuahidi chochote. Mtu anayelipa mdogo mdogo kila siku ajiulize pia kama masasisho yatakwisha kabla ya deni.

Habari hizi sasa zinapatikana kwa urahisi kuliko zamani, na tunaweza kushukuru sheria za watu wengine. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inamlazimu mtengenezaji kutangaza muda wa chini wa masasisho ya usalama kwa kila simu anayouza huko. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, umekwenda mbali zaidi na kudai masasisho yapatikane kwa angalau miaka mitano baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuuzwa. Simu za ex-UK zinatoka katika soko hilo la kwanza. Chukua jina kamili la aina ya simu, litafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome muda wake ukiwa bado umesimama dukani.

Kwa aliye na simu ambayo muda wake umeshakwisha na hana pesa ya nyingine, hali haijawa mbaya kiasi cha kukata tamaa. Asasishe Chrome, WhatsApp na apu nyingine mradi zinakubali. Aondoe apu ambazo hazitumii, aache kabisa kusakinisha kutoka nje ya duka, na aitoe apu ya benki. Wakazi wengi wa Nairobi hutembea na simu mbili, na hapo kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ina thamani ambayo watu hawaitambui: laini ya M-Pesa ikikaa ndani yake, hakuna apu ya kusakinishwa, hakuna ukurasa wa mpira wa bure, na PIN haibonyezwi kwenye kioo ambacho programu nyingine inaweza kukichungulia. Fundi atakuambia anaweza kuiflashi simu ya zamani iwe na Android mpya. Inawezekana kwa baadhi ya simu, na kuna miradi ya wazi kama LineageOS inayofanya kazi hiyo kwa uaminifu, lakini kufuli la mfumo lazima lifunguliwe, apu nyingi za benki hukataa simu ya namna hiyo, viraka vya chipu bado havipo, na usipojua fundi ameutoa mfumo huo wapi umebadilisha hatari moja kwa nyingine.

Na ukiamua kumpa mtoto simu hiyo ya zamani achezee, toa kwanza akaunti yako ya Google kupitia mipangilio ndipo uifute yote. Ukianza kwa kuifuta kupitia vitufe vya pembeni, simu itawaka ikidai akaunti ya mwenyewe wa awali, na utaitwa jikoni, kazini au kanisani uje uandike nywila ambayo pengine hukumbuki.